Uzi: Nilivyoifunga mota baiskeli ya mtumba ya tairi nene (Kigamboni). Anza na breki, mota baadaye

PedaliKibada

Wakuu, salaam.

Tangu nipandishe picha ya baiskeli yangu mwezi uliopita nimekuwa nikijibu watu mmoja mmoja pembeni, na maswali ni yaleyale: mota nimeitoa wapi, inakimbia kiasi gani, imekula shilingi ngapi. Nimeona niyamwage yote hapa, na makosa yangu yakiwemo, kwa sababu kosa moja lilinirudisha kwenye daladala wiki tatu nzima.

Nakaa Kibada, kibarua changu kiko Kurasini. Wa huku mnajua, ukishaiacha lami unakutana na mchanga. Mchanga wenyewe ule wa pwani unaomeza tairi, baiskeli ya kawaida unashuka na kuikokota. Kwa hiyo nilipoikuta hii kwenye mzigo wa mtumba niliishika palepale. Tairi inchi 26 kwa 4, fremu ya chuma, giya saba nyuma, breki za diski za waya. Laki tatu na nusu. Cheni ilikuwa na kutu na tyubu moja imekufa, mengine mazima.

Hizi tairi zilizaliwa kwa watu wenye shida kama yetu. Kule Alaska walitaka kupita juu ya theluji, na New Mexico walitaka kupita mchangani, wakawa wanaunganisha ringi mbili kwa mikono yao. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Marekani ikatoa Pugsley, na kuanzia hapo baiskeli ya tairi nene ikawa kitu cha dukani. Kinachofanya kazi ni upepo wa ndani ya tairi kuwa mdogo. Mchangani mimi naacha PSI 6 hadi 8 (kipimo cha upepo wa tairi), tairi inalala na kuutandaza uzito. Ukirudi lamini na upepo huohuo ni kama unaburuta gunia, lazima ujaze hadi 18 au 20. Na hata ukijaza, lamini zinachosha. Kwenda na kurudi kwangu ni kama kilomita 24, nilikuwa nafika kazini shati limelowa mgongo mzima. Hapo ndipo wazo la mota lilipoanzia.

Sasa naomba mnisikilize kwenye hili kuliko yote nitakayoandika: hela ya kwanza iende kwenye breki.

Baiskeli ya bei nafuu imeundwa kwa ajili ya mguu wa mtu. Mguu wa mtu wa kawaida unatoa wati 100, akijikaza 150, na mwendo ni kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Ukiifunga mota inafika 35 mpaka 40, na breki ni zilezile za mwanzo. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi inayoikuta breki inazidi mara nne, ni fizikia ya sekondari. Ongeza uzito wa mota na betri, karibu kilo kumi. Zile breki za waya nilizokuta nilizijaribu nikiteremka Daraja la Nyerere bila mota, nikavuta mpaka kishikio kikagusa usukani na bado baiskeli inasonga. Nikasema hapana.

Nikaweka breki za mafuta za mtumba, diski ya mbele nikaibadilisha kutoka milimita 160 kwenda 180 na kile kipande chake cha kuisogeza kalipa, yaani kibanio cha breki. Laki moja na thelathini. Hapo mota sijaiagiza bado. Nimekutana na vijana wawili huku wamefunga mota ya wati 1000 na mbele kuna breki ya mpira inayobana ringi. Niliwaomba, na nawaomba na ninyi, msifanye hivyo.

Sehemu ya pili naleta kesho nikitoka kazini.

---

KasuluPhoenix

Mkuu hongera kwa kuthubutu. Mimi nimekulia kwenye Phoenix, naheshimu baiskeli. Ila hesabu inanisumbua. Ukijumlisha vyote hivyo si umekaribia pikipiki ya mtumba? Nielimishe, siyo kwamba napinga.

---

PedaliKibada

Mkuu KasuluPhoenix, swali la haki kabisa. Nitaweka mchanganuo wote: baiskeli 350,000, breki 130,000, mota na vifaa vyake mpaka inafika mkononi 720,000, betri 780,000, vipande vya chuma nilivyokatiwa na fundi Gerezani 25,000 (nitavieleza mbele), na waya, fyuzi, plagi na vikorokoro 60,000. Jumla 2,065,000. Ni hela nyingi, na sikuitoa siku moja, nilikwenda nayo miezi saba.

Kama unabeba abiria au mizigo ya kilo mia, nunua pikipiki, sitakushawishi vingine. Mimi nabeba begi na mara mojamoja madumu mawili ya maji. Betri yangu ni wati-saa 720. Ukihesabu na kinachopotea kwenye chaja, kuijaza tupu mpaka juu ni chini ya yuniti moja ya LUKU. Kwa mtu wa T1, ile bei ya umeme ya matumizi ya kawaida, haifiki shilingi 400. Hiyo inanipa kilomita 36 hivi nikiwa nakanyaga pedali kidogo. Pikipiki ya cc 125 kwa umbali huo inakula kama robo tatu ya lita, piga mwenyewe kwa bei ya pampu ya leo. Halafu hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi ya injini.

Na kuna jambo ambalo siwezi kulitia kwenye hesabu: bado ni baiskeli. Betri ikiisha nakanyaga nafika nyumbani.

---

PedaliKibada

SEHEMU YA PILI: kupima, na kuchagua mota

Kabla hujatuma hela popote chukua rula au kalipa ya kupimia. Pima nafasi kati ya midomo miwili ya fremu pale ekseli ya nyuma inapokaa. Baiskeli ya kawaida ni milimita 135. Ya tairi nene inaweza kuwa 170, 175 au 190. Mbele nako, uma wa baiskeli ya kawaida una 100, wa tairi nene mara nyingi 135. Yangu nyuma ni 175. Mota nyingi zinazouzwa bei ya chini ni za 135, ukiagiza bila kupima utapokea kitu kizuri kisichoingia, na kuirudisha China ni gharama ya mota nyingine.

Mota ziko za namna tatu.

Kuna ya habu, yaani inayokaa kwenye kitovu cha gurudumu, isiyo na giya ndani. Ni sumaku na koili tu, ngumu kuharibika, kimya, lakini nzito, ya wati 1000 inakaribia kilo 7, na ikienda polepole kwenye mzigo inageuza umeme kuwa joto. Mchangani ndiyo unakwenda polepole kwenye mzigo. Anayeendesha lamini tu inamfaa.

Kuna ya habu yenye giya ndani. Mota ndogo inazunguka haraka, vigurudumu vitatu vya nailoni vinapunguza mzunguko na kuongeza nguvu ya kuvuta. Ina klachi ndani, kwa hiyo ukikanyaga bila umeme haikukokoti. Udhaifu wake ni hayo meno ya nailoni, ukiitesa yanalika.

Na kuna ya katikati, inayokaa pale kwenye ekseli ya pedali na kuvuta cheni yenyewe. Hiyo ndiyo mfalme wa milima na mchanga kwa sababu inatumia giya za baiskeli. Bafang BBSHD ya wati 1000, kwa mfano, inatoka kwa saizi tatu: 68 hadi 73, 100 na 120, na fremu nyingi za tairi nene ni 100. Ningeipenda. Lakini baiskeli yangu mikono ya pedali ni chuma kimoja kilichopindwa kinachopita tundu kubwa, inahitaji adapta, na bei ilikuwa inakaribia mara mbili. Pia inakula cheni na giya haraka, na giya saba za mtumba zisingedumu.

Nikachukua ya habu yenye giya, wati 750, volti 48, ya nyuma, milimita 175, imeshasukwa spoku nene kwenye ringi ya inchi 26. Naomba msidharau hilo la kusukwa. Habu ya mota ni kubwa, spoku zinakuwa fupi na pembe yake ni kali, si kila fundi wa mtaani ameshaisuka. Nunua iliyosukwa.

Watu wanauliza wati 750 zinatosha? Hesabu hii hapa. Mimi na baiskeli na betri ni kilo 105. Mlima wa asilimia 5 kwa mwendo wa kilomita 20, kupanda peke yake ni karibu wati 290. Weka msuguano wa tairi na upepo unafika mia nne na kitu. Zinatosha na zinabaki. Mchanga laini ndio unaokula zaidi, unaweza kutumia nguvu hiyohiyo kwa mwendo wa kilomita 10 tu, na hapo nakanyaga kuisaidia mota isichemke.

---

DadaWaPaje

Kaka PedaliKibada, nakusoma kutoka Paje. Sisi huku tunazo hizi baiskeli, wageni wanapenda kutembea nazo ufukweni maji yakishatoka, mchanga ule unakuwa mgumu unapita vizuri hadi Jambiani. Mie nataka niifunge yangu moja mota, nimechoka kukanyaga kusukumana na upepo wa kusi. Khofu yangu ni maji ya chumvi. Kutu huku inakula mpaka kufuli. Mota itaishi?

---

PedaliKibada

Dada, ahsante kwa swali, na mimi naipeleka pwani Jumapili. Kuishi itaishi ukiitunza, ila usiipitishe majini hata maji ya kifundo cha mguu. Waya wa mota unaingia kupitia katikati ya ekseli na hapo ndipo maji yanapopenya. Nilichofanya: waya ule niliushusha kwanza chini ya ekseli ndipo ukapanda kwenye fremu, ili tone la maji lidondoke badala ya kuufuata waya hadi ndani. Kila plagi nimeielekeza mdomo chini na kuijaza grisi ya silikoni. Kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, niliitoa mahali ilipokuja nikaiweka ndani ya kiboksi chini ya kiti, upande wenye matundu ukiangalia chini.

Ukirudi kutoka ufukweni usimwagie maji ya mpira kwa nguvu. Kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, futa, kausha, paka mafuta cheni. Spoku nazo, chumvi inaziua pale kwenye nati ya ringi. Na pima mdomo wa fremu, huenda yako ni 190.

---

PedaliKibada

SEHEMU YA TATU: kosa langu

Mota ilifika Ijumaa, Jumamosi nikaifunga. Kufunga kwenyewe si kugumu. Unahamisha tairi, diski na giya kwenye gurudumu jipya, unalirudisha, unafunga kontrola, akseleta, skrini, sensa ya pedali yenye kisahani cha sumaku, na vile vikata umeme vya breki. Kwa breki za mafuta vikata umeme ni sumaku ndogo unayobandika kwenye kishikio. Msiviache. Ukishika breki mota inabidi ikate palepale, hasa kama akseleta imekwama.

Kwenye boksi kulikuwa na washa mbili zenye ulimi wa kuingia kwenye mdomo wa fremu. Nikaweka hizo, nikakaza nati, nikatoka. Siku nne raha tupu.

Siku ya tano nina madumu mawili ya maji, nimesimama kwenye mchanga wa kupandisha karibu na nyumbani. Nikafungua akseleta yote. Ukatoka mlio kama chuma kinakwanguliwa, gurudumu likakaa upande, mota ikawa inatetemeka haizunguki. Kushuka naona ekseli imezunguka ndani ya mdomo wa fremu na kuupanua, waya umejisokota kama kamba ya kisima na umekatika pale unapoingilia.

Nilikuja kuelewa baadaye. Ekseli ya mota ni milimita 12 iliyokatwa bapa mbili, unene kati ya bapa ni milimita 10. Mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inasukumwa kuzunguka nyuma, na kinachoizuia ni zile bapa tu. Mota yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 60 kwenye upana wa milimita 10, hiyo ni kama kilo 600 zinazosukuma kingo za mdomo wa fremu. Mdomo ule ulitengenezwa kushika ekseli ambayo haizunguki kabisa.

Dawa yake ni mkono wa kuzuia ekseli: kipande cha chuma chenye tundu linalobana bapa za ekseli, na mkia unaofungwa kwenye mguu wa fremu. Nilikwenda Gerezani, fundi mmoja akanikatia viwili kwa bamba la milimita 6, tundu tukalipiga tupa polepole mpaka likaingia kwa kugonga kidogo. Likiingia kirahisi halifai. Mdomo wa fremu tukaunyoosha na kuuchomelea bamba, na hapo nilishukuru kuwa na fremu ya chuma. Aluminiamu inaweza kukatika ghafla bila kupinda, na ukiwa umefunga mota mbele kwenye uma wa aluminiamu, gurudumu linatoka ukiwa juu yake. Mimi mota ya mbele kwenye uma wa aluminiamu sishauri mtu.

Elfu ishirini na tano. Kama ningeitoa kabla, nisingekaa wiki tatu nikitafuta waya na kufungua mota.

---

MwanafunziVoltej

Kaka shikamoo. Nasoma umeme, mwaka wa pili. Ulijuaje kama koili hazijaungua na ni waya tu?

---

PedaliKibada

Marahaba mdogo wangu. Nilisaidiwa na VoltiMbili wa humu, namwachia aeleze.

---

VoltiMbili

Nimefika. Mdogo wangu, mota hizi zina nyaya tatu nene, njano, kijani na bluu, hizo ndizo za nguvu. Na zina nyaya tano nyembamba za sensa za Hall, zile zinazoiambia kontrola mota imezunguka mpaka wapi: nyekundu ya volti 5, nyeusi, na tatu za ishara za rangi zilezile.

Kwanza chomoa mota kwenye kontrola, zungusha gurudumu kwa mkono. Halafu gusanisha nyaya mbili nene, zungusha tena. Linatakiwa kuwa gumu na kukwamakwama. Rudia kwa kila jozi, ugumu uwe sawa kwa zote tatu. Zikiwa hazijagusana na gurudumu bado ni gumu, kuna koili au waya zimegusana ndani. Angalizo ambalo wengi hawalijui: mota yenye giya ina klachi, ukizungusha kwenda mbele hujaizungusha mota kabisa. Zungusha kwenda nyuma.

Sensa: rudisha plagi, washa umeme, mita iweke volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi mwembamba, nyekundu kwenye ishara moja moja. Zungusha polepole kwenda nyuma. Inatakiwa irukeruke kati ya sifuri na karibu tano. Isiyorukaruka ndiyo imekufa au waya wake umekatika. Ya mkuu zilikuwa mbili hazirukiruki, koili zote nzima. Tukafungua, tukabadilisha waya wote, tukafunga.

---

JuaKaliNairobi

Salamu kutoka Nairobi. Uzi mzuri sana huu. Mimi tayari niko na motor na controller, shida ni betri. Kuna jamaa ananiuzia betri za laptop zilizotumika, kilo nzima bei ya chini. Nikitoa zile seli za 18650, vile visilinda vidogo vya lithiamu vya ndani, nikaunda 48V mwenyewe, kuna shida? Ama nichukue betri nne za 12V za UPS?

---

VoltiMbili

Ndugu yangu wa Nairobi, nitajibu kwa kirefu, hapa ndipo nyumba za watu zinapoungua.

Betri ya volti 48 ni seli 13 zilizofuatana. Kila seli ni 3.7 kwa wastani, ikijaa ni 4.2, kwa hiyo betri ikijaa inasoma 54.6. Ya mkuu ina safu tano za hivyo, seli 65. Kontrola yake inavuta hadi ampea 22, gawanya kwa tano, kila seli inatoa zaidi kidogo ya 4. Seli nyingi za laptop zilikuwa na 2.2 ampea-saa zikiwa mpya, na kikomo chake ni kama mara mbili ya hapo. Maana yake tayari unazikamua mpaka mwisho, na zimeshazeeka. Hazilingani pia: moja imebaki na 1.8, nyingine 1.1. Ile dhaifu inaisha kwanza na zingine zinaendelea kuisukuma chini. Wakati wa kuchaji inajaa kwanza. Joto linaanzia kwake.

Nimeshaunda betri za seli zilizotumika, kwa taa na redio. Kwa baiskeli inayovuta wati elfu moja chini ya makalio ya mtu, sifanyi. Na kama unaunda kwa seli mpya, usiziunge kwa kuyeyusha risasi na hita ya mkono, joto linaharibu ndani ya seli. Ni mashine ya kuchomea nukta na ukanda wa nikeli halisi. Na BMS, ile bodi inayolinda na kusawazisha seli, isikosekane.

Hizo nne za UPS: za ampea-saa 12 ni kama kilo 4 moja, jumla kilo 16, wakati lithiamu ya mkuu ni kilo 4 hivi. Zile ampea-saa 12 zimeandikwa kwa kuzitumia polepole masaa 20. Ukizivuta ampea 20 unapata karibu nusu. Zinafaa kwa kujaribu mota kama inazunguka, siyo kwa safari.

Ukitaka utulivu zaidi tafuta lithiamu ya fosfati ya chuma, seli 16, inajaa kwa 58.4. Nzito kidogo, ila haiwaki moto kirahisi na inadumu. Hakikisha kontrola inaihimili na chaja ni yake. Chaja ya betri moja usiitumie kwa nyingine hata kama plagi inaingia.

---

PedaliKibada

Naongezea ninavyoishi na yangu. Naichajia barazani juu ya sakafu ya saruji, siyo chumbani, na silali ikiwa kwenye chaja. Chaja ni ya ampea 2, tupu mpaka kujaa ni kama saa nane, kwa hiyo naichomeka nikifika jioni na kuichomoa kabla ya kulala. Siku za kazi naishia 53.3, ambayo ni 4.1 kwa kila seli, inaongeza maisha ya betri. Najaza 54.6 nikiwa na safari ndefu. Nikiwa njiani skrini ikisoma 42 naachia akseleta, nakanyaga.

Kati ya betri na kontrola kuna fyuzi ya ampea 30. Plagi ni XT90-S, ile yenye kizuizi ndani. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, kila nikichomeka inapiga cheche, ndani ya mwezi ncha zake zikawa nyeusi.

---

MnyamweziMuscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Muscat, nakuja nyumbani mwezi wa saba in shaa Allah. Huku betri za 48V zipo tele. Naweza kumbebea mdogo wangu moja kwenye begi? Na joto la huku linaifanyaje, maana nina yangu pia.

---

VoltiMbili

Wa alaykum salaam. Kwenye ndege ya abiria haiwezekani, kaka. Bila ruhusa ni mwisho wati-saa 100, kati ya 100 na 160 mpaka shirika la ndege likubali, zaidi ya hapo hairuhusiwi mkononi wala kwenye begi la chini. Hii ni 720. Wataitoa na utaipoteza. Ipitie kwa meli, kwa msafirishaji anayekubali mzigo wa hatari, na muuzaji awe na cheti cha UN 38.3, kile cha majaribio ya usalama wa kusafirisha betri za lithiamu. Unachoweza kubeba mkononi ni vitu visivyo na betri: kontrola, skrini, diski za breki, hata seti ya meno ya nailoni ya akiba.

Joto: seli nyingi mwisho wa kuchajiwa ni nyuzi 45. Muscat mwezi wa saba mchana nje inapita hapo ikiwa juani. Ukirudi nayo iache ndani ipoe saa moja au mbili ndipo uichaji, na usiiache ndani ya gari.

---

KasuluPhoenix

Mkuu nimesoma mpaka hapa, nimeridhika. Swali la mwisho kutoka kwangu: tangu uitengeneze imekwenda kilomita ngapi na nini kimeshaharibika?

---

PedaliKibada

Skrini inasoma 1,140. Kilichoharibika ni spoku mbili upande wa giya, zote ndani ya kilomita 200 za kwanza. Gurudumu jipya linajikalisha, spoku zinalegea, na iliyolegea ndiyo inayokatika. Nilitakiwa kuzikaza baada ya kilomita 50 za mwanzo, sikufanya. Sasa kila Jumapili nazigonga moja moja kwa spana nasikiliza mlio, iliyo na mlio mzito naikaza robo mzunguko. Tangu hapo hakuna iliyokatika. Pedi za breki za mbele nimebadilisha mara moja. Pancha tatu, zote miiba. Pancha ya nyuma ni kazi, beba spana ya nati za ekseli, 18 kwa yangu, usipokuwa nayo huwezi kulitoa gurudumu barabarani.

Nati za ekseli nazikagua kila wiki pamoja na ile mikono ya Gerezani. Nimechora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba, mstari ukikatika najua imesogea.

---

DadaWaPaje

Kaka, nimepima kama ulivyosema. Nyuma 190 kamili, fremu ni ya aluminiamu, pedali zina mikono miwili iliyofungwa kwa bolti. Sasa niagize kama yako ama?

---

PedaliKibada

Dada, hapana, kama yangu haitakaa. Kwa 190 na aluminiamu, na kwa kuwa mikono ya pedali inafunguka, wewe ungetazama ile ya katikati. Haigusi midomo ya fremu kabisa. Pima na upana wa lile bomba linalopitisha ekseli ya pedali, kutoka ukingo hadi ukingo, bila vikombe vyake. Ikiwa 100 au 120 ipo. Piga picha ya bomba hilo kwa chini na nyingine ya ubavuni, ziweke hapa nizione kabla hujalipa.